Mbao za Kituo cha Majani Chai

Nilipokuwa mdogo, karibu kila kituo cha kununua majani chai upande wetu wa Merigi kilikuwa na kikundi chake cha ngoma za kienyeji. Lori likishaondoka na majani, wakulima walikuwa tayari wamekusanyika, basi wakaimba. Niliporudi kutoka Doha na diploma yangu ya umeme, niliyoisomea mwenyewe baada ya zamu, vikundi vilikuwa vimebaki vichache. Chetu kilikuwa na watu tisa, na wote walimtegemea mama mmoja mkulima, mwanzishaji wetu wa nyimbo. Nyimbo nyingi za zamani alizijua yeye peke yake.

Mwezi huohuo nilichaguliwa mwenyekiti, wala sikushangaa. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba tutumbuize kwenye sherehe mjini Kericho, na maofisa wa sherehe hiyo wakakubali kuja kututazama kwanza. Kituoni tulicheza juu ya jukwaa la mbao linalotumika kupimia majani, na niliona aibu kuwapeleka wageni pale. Nikatafuta ukumbi mpya wa kanisa, sakafu ya simiti inayong'aa.

Mazoezi ya kwanza ukumbini, mama aliimba kidogo tu, akanyamaza. Njuga zililia, lakini vishindo vya miguu havikusikika.

"Injinia, simiti yako inameza miguu."

"Mama, nitaleta spika mbili kubwa."

"Spika ziseme nini? Mimi nafuata miguu. Nisipoisikia, siimbi. Tafuta mwingine."

Mpigaji wetu wa orutu, mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka pande za ziwa, aliweka fidla yake chini akacheka. "Mwenyekiti, huyo mwingine umemwacha Doha?"

Hakuwepo mwingine. Mama akiondoka, kikundi kimekwisha, na nyimbo zimekwenda naye. Mambo ya sauti nayajua kuliko mtu yeyote katika kata yetu, lakini nilipoinama nikagonga ile sakafu kwa kiganja, ilikuwa kama kugonga mwamba. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba mama alisema kweli.

Asubuhi ya kuja kwa maofisa nilisomba mbao za jukwaa la kituo hadi ukumbini kwa pikapu yangu, nikaziinua juu ya matofali na kuzipigilia mwenyewe, kazi safi ambayo fundi wa Bomet angejivunia. Wageni walifika sijamaliza. Mama alipanda, akakanyaga mara moja, akasikiliza.

"Weka nyundo chini, Injinia," alisema, akaanzisha wimbo huku msumari wa mwisho ukiwa bado mkononi mwangu.