Adhabu ya Kusalimia Wazee

Harufu ya magunia matupu ya korosho hunirudisha kijijini kwetu Mnyambe hata nikiwa katikati ya mazungumzo. Juzi hapa Masasi nilisimama dukani nangoja kupimiwa mchele, jamaa mmoja akapita na bunda la magunia kichwani, vumbi lake likanipanda puani. Mwenye duka akaniuliza mara mbili, "Mwalimu, kilo ngapi?" Wala sikumsikia. Mwenzio nilikuwa ndani ya ghala, nina miaka kumi na miwili, fimbo mkononi, na nimekasirika.

Hasira ninazo mpaka leo, nisikudanganye. Waulize wanafunzi wangu. Lakini siku hizo zilikuwa hasira za mtoto, zile zinazokuja kabla hata hujajua umekasirikia nini.

Ghala lenyewe lilikuwa la chama cha wakulima. Msimu wa korosho ukiisha lilibaki tupu miezi na miezi, lina sakafu ya saruji, kuta nne za matofali na milango miwili ya bati. Mwaka ule kanisani kwetu alikuwa amekuja mwalimu mgeni kutoka Kanada, dada mrefu mwenye kicheko kikubwa, na katika mizigo yake alileta fimbo kumi zenye wavu mdogo kwenye ncha. Kwao, alisema, watoto huucheza mchezo ule ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta: unaudaka mpira kwa wavu, unakimbia nao, unamrushia mwenzako, na mpira ukigonga ukuta haujatoka, unaendelea. Unaitwa lakrosi. Sisi tukauita lakirosi, na mpaka anaondoka alikuwa keshakubali na yeye kuuita hivyohivyo.

Fimbo kumi hazikutosha. Fundi seremala akatuchongea nyingine za mti wa mkole, nyavu tukafuma kwa nyuzi za magunia. Mpira wa kwao ulikuwa mgumu na ulitaka kofia za chuma, nani alikuwa nazo? Tukaviringisha vipande vya raba ya baiskeli, tukashonea kitambaa juu. Ukikupata unauma, lakini huendi hospitali.

Mgeni alipoondoka aliacha karatasi ya sheria kwa Kiingereza. Mwalimu Hilda, aliyetufundisha hesabu darasani na sauti ya pili kwenye kwaya, akaitafsiri kwa mwandiko wake wa kulala na kuibandika kwenye mlango wa ghala kwa uji mzito wa muhogo. Panya waliila pembeni, sheria zenyewe zikabaki. Wavulana na wasichana wacheze pamoja. Kila aliyeandikwa jina lazima aingie uwanjani, hata kama hajui kudaka. Fimbo isipande juu ya bega. Asipigwe mtu. Tulikuwa na timu nne, Mnyambe, Newala mjini, Lupaso na Masasi, na Mwalimu Hilda ndiye aliyekuwa refa wa kila mechi iliyochezwa kwetu. Ukimlalamikia alikuwa na jibu moja tu: "Sheria haina shangazi."

Sheria moja tu aliibadilisha. Karatasi ya mgeni ilisema anayempiga mwenzake atolewe, akae pembeni dakika mbili. Mwalimu Hilda aliijaribu mara moja akaona upuuzi. Watoto wa kwetu uwaambie wakae? Walikaa, wakatafuna karanga, wakapiga soga, tena wengine walipiga wenzao makusudi ili wapumzike. Basi akaandika upya: atakayempiga mwenzake atatoka, atawasalimia wazee wote waliokuja kutazama, mmoja mmoja, na harudi uwanjani mpaka mzee wa mwisho amwachie.

Jamani, hujui adhabu mpaka uisikie hiyo. Salamu za kwetu si za kurusha kama jiwe. Unapiga goti, unasema shikamoo, unaitikiwa marahaba, halafu ndiyo kwanza mambo yanaanza. Hamjambo nyumbani? Baba yako karudi? Yule mbuzi wenu aliyevunjika mguu? Bibi mmoja alikuwa haachii mtoto mpaka amtajie ukoo wa mama yake hadi kizazi cha tatu. Wazee waliupenda mchezo wetu kuliko sisi wenyewe, wakawa wanakuja na vigoda vyao mapema, na ninaamini kabisa hawakuja kutazama mpira.

Sasa nikueleze ya nyumbani, maana ndiyo yaliyonikuta.

Mama yangu, Mama Esta, alikuwa na kaka mmoja tu, Mjomba Lukasi. Kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Yeye ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na hakuna binti anayeolewa bila kauli yake. Bibi alipofariki aliacha mikorosho nyuma ya nyumba, mingine imezeeka haizai. Mjomba akataka kuikata apande ya kisasa. Mama akasema aliyeipanda ni mama yetu, iacheni ife yenyewe. Basi Mama alipokwenda kumuuguza mtu Masasi, akarudi akakuta mitatu iko chini, imeshakatwa kuni. Alisimama uani na kitenge chake cha safari, akasema mbele za watu, "Kuanzia leo mimi sina kaka."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilikwisha kutoka, na misimu miwili ikapita hawasalimiani. Sisi watoto tuliambiwa tukimwona njiani tukate njia ya porini. Majirani walitukumbusha kila siku kwamba ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime, na kweli wakachukua majembe yao, hakuna aliyejitia katikati.

Halafu ikaja barua ya posa ya dada yangu Esta. Kijana alitoka Nanganga, ana adabu, ana duka dogo la vifaa vya baiskeli, na Dada alimpenda mpaka akawa anaunguza mboga. Barua inasomwa na nani? Na Mjomba. Mjomba akasema, kupitia watu, "Nitakuja nikiitwa." Mama akasema, kupitia watu haohao, "Simwiti." Barua ikakaa kabatini wiki, ikakaa mwezi. Wazee wa Nanganga wakatuma ujumbe kwamba kama korosho zitaanza kuanguka hawajajibiwa, watajua wamekataliwa. Usiku Dada Esta alinigeuzia mgongo kitandani na godoro likawa linatikisika. Mimi nilijifanya nimelala. Na hilo nalo lilinitia hasira.

Ndipo ikaja mechi ya mwisho, sisi na Masasi. Walipanda mlima kwa lori la mizigo, wakashuka wekundu kwa vumbi, wanapiga makelele. Ghala lilijaa. Wanaume na wazee walikaa upande wa mlango mkubwa, akina mama upande wa pili, na Mama alikuwepo amemshika mtoto wa jirani. Mwisho kabisa wa safu ya wazee, kwenye kigoda kilichopinda, alikuwa Mjomba Lukasi.

Tulikuwa tumefungana mabao manne kwa manne. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kuliko wote kwetu, nalisema bila aibu. Msichana mmoja wa Masasi, mwenye nywele za kusuka mabutu, alinikaba ukutani, akaninong'oneza, "Nyinyi wa mlimani si mnaogea umande?" Miaka ile maji kwetu yalikuwa shida, tunayafuata mbali, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuyatafuta alfajiri. Nilimcharaza fimbo ya bega.

Filimbi ikalia. Mwalimu Hilda alinyoosha kidole kwenye vigoda.

Nikaanza. Nilikimbia kama ninayetoa chakula msibani. Shikamoo babu, marahaba, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, hamjambo, hatujambo, mbuzi amepona. Nyuma yangu nausikia mpira unagonga bati, ubao bado nne kwa nne, wenzangu wamepungua mmoja, wananiita, "Neema, fanya haraka!" Nilipofika kwa mzee wa kabla ya mwisho nikasalimia, nikageuka, nikaufuata mstari wa chokaa wa uwanja niingie.

"Bado mmoja," akasema Mwalimu Hilda.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo nimekatazwa."

"Sheria haina shangazi, Neema. Bado mmoja."

Nilimtazama Mama. Alikuwa kama hatua kumi kutoka pale, na nina hakika aliona yote. Nilisubiri aniite. Neno moja tu, "Neema, njoo," ningetupa fimbo nikaenda, mechi na iende zake. Mama akainama, akawa anafunga upya kitenge cha mtoto ambacho hakikuwa kimefunguka.

Basi nikaenda. Nikapiga goti kwenye saruji, nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

Hakujibu. Ghala lilikuwa na kelele, lakini safu yote ya wazee ilinyamaza, na mimi nikabaki na goti chini nawaza kwamba ameninyima, kwamba nitainuka mbele za watu bila marahaba. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwetu. Nilimwangalia nikaona kidevu chake kinacheza.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Loh, umekuwa mkubwa hivi." Kisha, kama vile hatuko wote ndani ya ghala moja, akauliza, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Si yule pale."

Wazee wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. "Mwambie namsalimu."

Nilikuwa bado sijaachiwa. Nikakimbia upande wa akina mama. "Mama, Mjomba anakusalimu."

Mama hakuinua kichwa. "Mwambie nimesikia."

Nikarudi. "Amesikia."

"Muulize kifua chake kinaendeleaje na baridi hii."

Nikaenda. "Mwambie kimepona. Na yeye goti lake?" Nikarudi. Goti bado linamsumbua akipanda mlima. Nikaenda. Jamani, nilienda na kurudi mara ngapi sijui, natokwa jasho, machozi yananilenga, wenzangu wananizomea, na akina mama wanasikiliza kila neno. Watu wazima wawili wanapelekeana salamu hatua kumi, na mechi yangu inakwenda na maji. Masasi wakafunga la tano nikiwa nimeinama mbele ya Mama.

Na ni hapo ndipo aliponyanyua uso. Hakunitazama mimi, alitazama ng'ambo.

"Mwambie," akasema, "barua ya Nanganga iko kabatini."

Nikampelekea. Mjomba alishusha pumzi ndefu, akanishika kichwa. "Mwambie kesho asubuhi nitakuja kuisoma. Haya, nenda ukacheze."

Filimbi ya mwisho ililia kabla sijavuka mstari.

Tulifungwa tano kwa nne, na timu nzima haikusema nami wiki mbili. Kipa wetu aliniita tarishi mpaka tunamaliza shule. Nililia siku ile kwa uchungu wa kweli, uchungu wa mechi, sikuwa na uchungu mwingine wowote. Nilimchukia Mwalimu Hilda na karatasi yake, nikaapa nitaibandua mlangoni.

Kesho yake Mjomba alikuja mapema, ukungu haujainuka bado. Nilidhani watalia, wataombana msamaha, maana hivyo ndivyo nilivyohubiriwa kanisani. Wapi! Alikunywa uji vikombe viwili, wakazungumza habari za mvua na salfa ya kupulizia mikorosho. Ile mitatu iliyokatwa hakuna aliyeitaja. Kisha Mama akaenda kabatini, akaileta barua kwa mikono miwili, na Mjomba akavaa miwani yake. Dada Esta alikuwa jikoni amejiziba mdomo kwa upande wa khanga. Aliolewa mwaka uleule, na Mjomba ndiye aliyemtoa nje ya nyumba, anachechemea na lile goti. Leo Dada ana wajukuu Nanganga.

Mwalimu Hilda sikuwahi kumuuliza kama alipanga. Ametangulia mbele za haki, na kila nikiandika sheria za michezo ya watoto wangu shuleni namshukuru kwa sauti, watu wanadhani nasema peke yangu. Nikiwa mtoto niliona sheria ni ya kunizuia mimi. Sikujua kwamba watu wazima nao hukwama, kwamba mtu anaweza kutamani kumsalimia ndugu yake mpaka akaumwa, na asipate pa kuanzia. Wakati mwingine wanachohitaji ni mtoto aliyelazimishwa, ili asiwepo wa kulaumiwa kwamba ndiye aliyeanza.

Mama bado yupo Mnyambe, masikio yamepungua lakini kauli haijapungua. Likizo iliyopita tulikaa uani tunapukuchua mbaazi, nikamuuliza lile lililonikaa miaka yote. Nikamwambia, Mama, ulikuwa hatua kumi. Ulitukataza wewe mwenyewe, na uliniona nikienda. Mbona hukuniita?

Alichukua ganda jingine la mbaazi, akalipasua.

"Ningekuita," akasema, "ungekuja."