Mwaka Mama Alipozima Chetezo

Nikisikia harufu ya ubani, hata leo, machozi hunitoka. Watu wakiniuliza, nasingizia moshi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Miaka ile ya Ujamaa, baba alikuwa na kiduka Sumbawanga mjini, cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa, pale vilipopatikana. Kila Alhamisi jioni, baridi ya Ufipa ikianza kuuma, mama alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyizia ubani, akatufukiza mmoja mmoja, kisha akasoma Yasini. Tulikwenda shule tukinukia kama maharusi.

Jirani yetu Mama Kristina, Mfipa asiyekosa misa, aliipenda harufu ile kuliko sisi. Alipojifungua mtoto wa kiume, ndiye aliyeita kutoka uani, "Mama Zuhura! Njoo unifukizie mtoto, naye anukie kama wa kwenu!" Mama akaenda na chetezo, akafukiza blanketi na vitambaa, akampakata yule mtoto jioni nzima.

Masika ilipofika, surua ikapita mtaani. Mtoto akafa. Walikufa na wengine, lakini huyu alitafutiwa muuaji. Waislamu wanafuga majini, watu wakasema. Jini la dukani limepewa damu yake. Jini gani la utajiri, jamani, na baba anavaa suruali yenye viraka makalioni? Padri naye alifukiza ubani kanisani hadi watu wakakohoa, na hakuna aliyemuuliza anafuga nini.

Mjumbe wa nyumba kumi akaja, akakataa kiti.

"Ndugu, acheni huo moshi. Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?" baba akauliza.

Mjumbe akageuka, akashika njia.

Mama akazima chetezo. Akatukataza kusoma Kurani kwa sauti. Bombani alikwenda jua la utosi, wenzake wakiwa wamesharudi. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda, na mlango ukigongwa alishtuka hadi sufuria ikamponyoka. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba aliacha kumbeba mdogo wetu, Idi. Akilia, mama aliniita mimi nimbembeleze, naye akisimama mbali. Niliamini ametuchoka.

Miaka ilipita. Mama Kristina akaanza tena kutusalimia, hata akatuletea maharage ya shambani kwake, na wala hakuna aliyelitaja jambo lile. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nikampelekea mama. Alimtazama kwa hamu, kisha akaficha mikono ndani ya khanga.

"Mlaze kitandani, mwanangu."

"Mama, mpakate. Ni mjukuu wako."

"Na kama walisema kweli?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini Idi alilelewa mgongoni kwangu. Waliosema walishasahau zamani walichokisema. Mama ndiye aliyewaamini, akawaamini hadi tulipomzika, na mwanangu hakupakatwa na bibi yake hata mara moja.