Senti ya Tundu Niliyoisugua

Nimezunguka miji mingi nikitafuta sarafu za zamani za kupiga picha, lakini niliyoitamani siku zote ilikuwa nyumbani Sindeni: senti kumi ya mkoloni, yenye tundu, ambayo kila mtoto wa ukoo wetu hufungwa kiunoni siku anapotolewa nje. Hata mimi niliivaa. Marehemu mama ndiye aliyeitunza, akiipaka mafuta ya nyonyo.

Juzi shangazi, aliyebaki nayo, aliniazimisha. Nikaenda nayo Korogwe, na kwa kuwa ilikuwa nyeusi tii, nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Picha nikawatumia wakusanyaji wenzangu, nikisubiri sifa. Mmoja akajibu, "Ndugu, umeiharibu. Sarafu kuukuu haisuguliwi."

Nikajifariji kwamba nyumbani wataipenda. Siku ya kumtoa mjukuu wa shangazi, mbele ya wageni, nikamkabidhi shangazi sarafu kwa madaha. Akaigeuzageuza.

"Hii umenunua wapi, baba? Yetu iko wapi?"

"Ndiyo yenyewe, shangazi. Nimeisafisha."

Akainusa, kisha akaniwekea puani.

"Nusa mwenyewe. Yetu ilikuwa inanukia mama yako."

Nikanusa. Limau tupu.