Pambano Ambalo Bolumbu Hakutaka Kulitazama

Waulize wazee wa mtaa wa Bandal, Kinshasa, kuhusu Ndombasi, nao watakutajia miguu yake kabla ya ngumi zake. Alikuwa bondia wa uzani wa kati, mwembamba kama mwiko, na kumpiga ilikuwa sawa na kukimbizana na kivuli. Walimwita Upepo. Bolumbu, binti wa muuza kwanga, ile mikate ya mihogo, alimpenda alipomwona ulingoni nyuma ya baa moja, akicheka huku mpinzani wake akipiga hewa mpaka akajiangusha mwenyewe. Siku ya harusi uso wa bwana harusi haukuwa na kovu hata moja. Mashoga wa Bolumbu walimtania, "Wewe umeolewa na bondia gani huyu? Au ni karani?"

Mwalimu wa Ndombasi, Papa Mabiala, alikuwa askari mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza. Somo lake lilikuwa moja tu: "Ngumi nzuri ni ile iliyokukosa." Ndombasi alilishika somo hilo kama mtoto anavyoshika titi.

Kisha Ali na Foreman, mabondia wa Marekani wa uzani wa juu, wakaja Kinshasa kugombea ubingwa wa dunia.

Bolumbu alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo alibaki nyumbani. Mumewe alirejea kutoka uwanjani asubuhi, mvua inamwagika kama mbingu zimetobolewa, kalowa chapachapa, mguu mmoja hauna kiatu, sauti imemkauka.

"Mke wangu, nimeona!" Akamkumbatia na maji yake yote. "Foreman anampiga, lile jitu! Mbavu, mikono, mbavu tena. Na Ali ameegemea kamba, katulia kama mtu anayengoja chakula. Raundi ya nane jitu limechoka. Pa! Pa! Chini!"

"Vua nguo hizo, utaugua."

"Hunisikii."

"Nakusikia. Vua."

Alivua, akalala, akaamka akisema yale yale. Kutwa nzima alisema: aliyepigwa ndiye aliyeshinda. Mwezi uliofuata binti yao Kiese alizaliwa, na hata alipompakata, Ndombasi aliegemeza mgongo ukutani, mabega juu, akimwonyesha mtoto namna ya kujikinga. Bolumbu alicheka. Baadaye, kicheko hicho ndicho alichojutia kuliko mengine yote, ingawa hakuna mke kijana ambaye asingecheka.

Mjini kote watu walibishana juu ya pambano lile, na uani kwa Ndombasi pia. Jumapili moja Papa Mabiala alikula samaki wa kuchoma, akajifuta vidole, akasema, "Limesifiwa kupita kiasi. Joto lilikuwa la kuivishia mihogo, kamba zimelegea kama kamba za kuanikia nguo, na Foreman alipiga kama mtu anayefukuza nyuki. Ukitoa hayo unabaki na nini? Mtu mzima aliyekubali kupigwa."

"Papa, una wivu," Ndombasi alisema.

"Wivu wa kupigwa?"

"Dunia nzima imeona. Kipofu ni wewe peke yako."

"Sikiliza, mwanangu. Ali ni mtu wa uzani wa juu. Mungu amekunyima kifua, amekupa miguu. Sasa unataka kumrudishia zawadi yake?"

"Miguu ni ya kukimbilia. Nimechoka kuitwa mkimbizi."

Mzee aliweka glasi chini polepole. "Bolumbu, binti yangu, asante kwa samaki." Akachukua kofia yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale.

Upepo akaacha kuvuma. Ndombasi alianza kuegemea kamba, akijikunja, akimwacha mwenzake apige mpaka achoke, kisha amalize. Mapambano ya kwanza alishinda. Kumbi zikafurika, maana watu waliokuwa wakipiga miayo alipokuwa akicheza kwa miguu sasa walisimama juu ya viti. Walimbadilisha jina, wakamwita Kamba. Mwenye baa alibandika picha yake mlangoni.

Bolumbu alikwenda kutazama mara moja tu. Alikaa mbele, kavaa kitenge kipya. Alichokikumbuka hakikuwa sura ya mumewe, maana ilikuwa imefichwa nyuma ya glavu. Alikumbuka ule mlio, kama mtu anayepiga godoro ili litoke vumbi. Nyuma yake mama mmoja mnene alikuwa anapiga makofi na kupaza sauti, "Mwache ale ngumi! Mwache ashibe!" Watu wakavunjika mbavu kwa kucheka. Bolumbu alitoka nje, akatapika kando ya mtaro. Alipokuwa anajisafisha kinywa, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, akajua mumewe ameshinda.

"Umeondoka," Ndombasi alimwambia nyumbani, midomo imevimba.

"Nimeondoka."

"Umekosa mwisho. Mwisho ndio utamu."

"Baba Kiese, mimi naishi na mtu, siishi na mwisho."

Ndombasi akamsogezea kiti akae. Alikuwa mpole siku zote, na upole wake ulikuwa mgumu kuushinda kuliko hasira za wanaume wengine.

Yaliyowavunjia maisha yalitokea Brazzaville, ng'ambo ya mto. Alipambana na mtu mzito kuliko yeye, akapigwa karibu pambano zima, akashinda. Bolumbu alimngojea bandarini. Ndombasi alishuka kwenye kivuko akibebwa mabegani mwa mashabiki, akamtazama mkewe kwa tabasamu la adabu, kama mtu anayesalimiwa na mgeni, akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Mashabiki walidhani ni mzaha, wakacheka. Alirudiwa na akili jioni ile. Hata hivyo alipigana tena, na tena, mpaka waandaaji wenyewe wakaacha kumwita.

Mikono ilianza kutetemeka Kiese alipokuwa bado anasoma shule ya msingi. Baadaye maneno yakaanza kumpotea, kwanza majina ya vitu, halafu vitu vyenyewe. Alikuwa anasimama na kikombe mkononi, anamwuliza mkewe hiki ni cha nini. Papa Mabiala, aliyekwisha kuwa kikongwe, alisikia habari akaja kwa mkongojo. Alikaa kando ya mwanafunzi wake, akaushika ule mkono unaotetemeka, akautuliza juu ya goti lake. Bolumbu alingoja aseme, "Nilimwambia." Hakusema. Alipokwenda zake alikuwa analia bila kujificha.

Miaka ikapita. Bolumbu aliuza kwanga kama mama yake, akamlisha mumewe, akamnyoa ndevu. Kila mwaka pambano lile liliposherehekewa redioni alizima redio. Hakuwahi kuliona, na alikuwa amejijengea imani moyoni: lilikuwa upuuzi, Papa Mabiala alisema kweli, na watu wameidanganya dunia. Imani hiyo ilimsaidia kuamka.

Pambano lilipofikisha miaka arobaini, kijana wa redio aitwaye Lutete alikuja uani.

"Mama, tunawauliza wazee: je, pambano lile lilistahili sifa zake?"

"Sijaliona."

"Hujaliona? Na mume wako ndiye Kamba?" Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kwanga. "Ninalo hapa. Tazama, Mama, nawe useme."

Bolumbu angeweza kukataa. Alikaa, akamvuta mumewe karibu. Alitaka kuuona uongo huo kwa macho yake.

Hakuuona. Aliona mwanamume anayeanza kwa kupiga, wala si kupigwa. Alimwona anaegemea kamba, ndiyo, lakini mikono yake inarudi, inachoma, inarudi tena, mdomo haukomi kusema, macho yako wazi muda wote yakilisoma lile jitu. Alimwona anavyoyumbisha mwili ngumi ikamparuza tu. Na mwisho, jitu lilipokuwa linaanguka, alimwona Ali amekwisha kuinua ngumi nyingine, kisha akaacha kuirusha.

"Hilo hakuniambia," Bolumbu alinong'ona.

"Lipi, Mama?"

Alizidi kukitazama kioo cha kompyuta. Machozi yalimtoka, na kijana akadhani ni ya furaha. Pambano lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kweli, na mumewe alikuwa ameondoka na nusu yake tu, ile nusu ya kupigwa. Angepata nafuu kama angemwona tapeli. Sasa hakubaki na mtu wa kumchukia. Na yule mshindi mwenyewe naye, dunia nzima ilijua alivyozeeka anatetemeka.

Lutete alikuwa amerudisha picha nyuma. Ndombasi alikodoa macho, mdomo ukihangaika kutafuta neno.

"Yule," akasema hatimaye, akielekeza kidole. "Wanampiga. Kwa nini hatoki pale?"

"Atatoka, Baba Kiese."

"Mwambie atoke. Ataumia."

"Nitamwambia." Akamfuta mate kidevuni kwa upindo wa kitenge. "Kijana, funga kitu chako."

Ndombasi alifariki mvua za mwaka uliofuata zilipoanza. Matanga yalijaa. Mabondia wa zamani walikuja wamevaa suti zilizokwisha kuwabana, wakaketi kwenye viti vya plastiki, na kabla kahawa haijapoa walikuwa wamekwisha kuanza.

"Kamba zilikuwa zimelegea, nakuambia!"

"Zilegee zisilegee, ungekaa wewe pale? Ungekuwa umekufa raundi ya pili!"

"Foreman alikuwa mgeni wa joto letu."

"Na Ali alizaliwa Kinshasa, siyo?"

Kiese, mtu mzima sasa, akasimama awafukuze. Mama yake alimshika mkono. "Waache. Hawana njia nyingine ya kumlilia."

Mmoja wao akamwona, akaona aibu, akavua kofia. "Tusamehe, Mama. Lakini hebu tuamulie wewe. Lilikuwa pambano la kweli lile, au sifa tu?"

Wote wakamgeukia.

"Lilikuwa pambano la kweli," Bolumbu alisema. "Kaeni, chakula kinakuja."

Akaingia jikoni, ambako wanawake walikuwa wanakoroga kisamvu, akapokea mwiko kutoka kwa mmoja aliyechoka, akaendelea kukoroga.