Pikapu ya Yusufu na nguzo ya marehemu Papa

Bantu ba Kamembe, ule mushindo wa leo asubuhi ulitoka kwetu!

Kaka yangu Yusufu ni fundi wa magari. Alitaka pikapu yake ivute trela yenye mutumbwi, ipande kutoka ziwani bila kuyumba. Basi akaiongezea pine, yaani matairi, za nyuma: zikawa mbili huku, mbili kule. Kazi yote aliifanyia ndani ya uwanja wetu.

Mama alikuwa anamucheka tu. "Hii gari ya zamani haitavuta hata mbuzi."

Leo Yusufu akawasha, akasema Bismillahi, akatoka.

Mbele ikapita getini vizuri.

Nyuma sasa... jamani, nyuma imekuwa pana! Na hakuna muntu aliyefikiria kupima geti.

Pine ya nje ikagusa nguzo ya matofali, ile marehemu Papa, baba yetu, aliijenga na mikono yake.

Nikafunga macho.

Kufungua, nguzo iko chini, geti iko chini, na pikapu inapanda kilima polepole, kama imekanyaga tu ganda la ndizi. Yusufu hakusikia kitu! Batoto ndio balimukimbilia wakipiga kelele.

Mama akasimama juu ya matofali. Tukarudi nyuma wote, tunangoja moto wa hasira yake.

Akashika kichwa.

"Subhanallah, hii gari ina nguvu! Mwambieni akirudi, asiniangushie na ile nguzo ingine."