Hela ya Kitambaa

Mwanangu, iko Ijumaa moja ya Januari ambayo nikiikumbuka, mpaka leo, mkono unaenda wenyewe mfukoni kuhakikisha kilichokuwemo bado kimo. Wanangu wa kuzaa hunicheka. Wanasema baba anahesabu hela ya maji kama anahesabu dhahabu. Wacha wacheke. Wasiwasi huu niliununua kwa hela ya mtu mwingine, na nataka nikusimulie kabla mshahara wako wa kwanza haujaingia kwenye hiyo simu usiyoiachia mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani, nimekodi nafasi ya meza moja kwenye baraza la duka la vitambaa pale Kariakoo. Nilikuwa napanga chumba Magomeni, na mwenye nyumba, kama wenzake wengi wa mji huu, alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mkono wangu ulikuwa mzuri, hilo silifichi. Gauni nililoshona mimi lilikaa mwilini. Mfuko ndio uliokuwa umetoboka, na sikujua, kwa sababu hela zilikuwa zinaingia kila siku.

Unajua fundi analipwaje. Mteja anakuja na kitambaa, mnapatana bei, anakuachia kianzio, halafu anamalizia siku ya kuchukua nguo yake. Desemba ile sikukuu zilikuwa zimekaribia na vianzio vikamiminika. Kila noti iliyotua mezani kwangu niliiona ni yangu. Jioni chipsi kuku na marafiki, bili nalipa mimi. Kurudi nyumbani teksi. Nikanunua na televisheni, nikaibeba kichwani mtaa mzima ili kila mtu aione. Nilijiona bosi, mwanangu, bosi kabisa.

Cherehani iliyokuwa jirani na yangu ilikuwa ya Mzee Kondo, aliyeanza kazi ile mimi sijazaliwa. Yeye kila kianzio alikifunga kwenye kipande cha kitambaa cha mteja mwenyewe, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Uzi na vifungo vya gauni la fulani vilinunuliwa kwa hela ya fundo la fulani huyohuyo. Nguo ikishaondoka ndipo alipolifungua fundo moja kwa moja, na kilichobaki akakitia mfukoni. Nikawa namtania kwamba anafunga hirizi. Hakuwa anakasirika. Alikuwa ananiambia tu, "Cheka, kijana. Mimi nikirudi nyumbani nalala."

Katikati ya mwezi huo akaja Mama Zuhura, jirani yangu wa Magomeni aliyekuwa anakaanga samaki na kuwauza pale mtaani kwetu. Alikuja na binti yake, Zuhura, aliyechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wa kwanza katika ukoo wao. Nikampima. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa hela zinanuka samaki, akanihesabia zote, za kitambaa cha sketi mbili na mashati mawili ya sare, na za ufundi juu yake. Nikamwambia mbona mapema hivyo, shule si mpaka mwakani?

"Nakupa sasa hivi, baba, maana zikibaki kwangu zitaliwa," akasema. "Wewe uko hukuhuku Kariakoo, kitambaa utakinunua kwa bei nzuri."

Yule mama alikuwa anazikimbiza hela zake ziwe mahali salama, na mahali penyewe ni kwangu! Zilidumu siku nne.

Nilijiambia nitazirudisha wateja wa Krismasi wakija kumalizia. Walikuja, wakamalizia, lakini hela ya huyu ilikwenda kununua bitana ya yule, na ya yule ikanunua zipu ya mwingine ambaye kianzio chake nilikuwa nimeshakila. Mwaka ukageuka. Januari hakuna anayeshona gauni la sherehe, na mwenye nyumba akaanza kugonga mlango anataka kodi yake.

Watu hudhani fundi anasema "njoo kesho" kwa uvivu. Mara nyingi, mwanangu, ujue kala hela ya kitambaa. Nilimpiga kalenda Mama Zuhura wiki mbili nzima. Asubuhi nilikuwa natokea mlango wa uani nisipite mbele ya karai lake. Kazini, mtu akiita "Fundi!", nainama chini ya meza kama natafuta sindano, kabla sijageuka kumtazama. Ile televisheni nilikuwa naiwasha, picha zinapita, na mimi nawaza kitambaa tu.

Ijumaa ile niliyokutajia ikafika, na safari ya shule ilikuwa Jumapili asubuhi. Zuhura akaja peke yake barazani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Hajui kama nimekuja." Macho yake yakaenda chini ya meza, kwenye vitambaa vya watu. "Nilitaka kuuliza tu kama kitambaa changu kimenunuliwa. Kama bado, niambie tu, nikaazime sketi kwa dada mmoja pale jirani. Yeye kamaliza shule."

Mtoto alikuwa amenirahisishia kila kitu. Nilitakiwa kusema neno moja tu, bado. Kwa aibu nikamwambia, "Kipo, mama, kimebaki kushonwa. Njoo kesho saa kumi." Akafurahi, akanishukuru, akaondoka.

Mzee Kondo akasimamisha cherehani yake.

"Kitambaa kiko wapi?"

Nikainamia cherehani yangu.

"Nakuuliza wewe. Kiko wapi?"

"Mzee wangu, nimeishiwa."

"Hukuishiwa leo," akasema. "Uliishiwa siku ile ulipozipokea, ukadhani umepata."

Nikamwomba anikopeshe. Akakataa palepale. "Nikikukopesha utamlipa mama wa watu, kisha utaanza kunikwepa mimi. Si una televisheni? Nenda kaiuze."

Jumamosi nilizunguka na ile televisheni kutwa nzima. Kila niliyemwendea aliniona nina shida, akashusha bei. Mpaka naiachia kwa nusu ya bei niliyoinunulia, saa kumi ilikuwa imeshapita. Zuhura alikuwa amekuja, akasubiri, akaondoka. Nilipata kitambaa duka likiwa linafungwa, nikashona bila kuinua kichwa, na Jumapili nikiwa namalizia kifungo cha mwisho jua lilikuwa limeshatoka. Nikakimbia Magomeni.

Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili. Yule dada wa jirani alikuwa amesafiri tangu Jumamosi mchana na sketi zake, na Zuhura hakuwahi kumwomba, kwa sababu mimi nilimwambia kitambaa kipo. Alikwenda sekondari na sketi yake ya bluu ya shule ya msingi.

Mama Zuhura alizipokea zile nguo, akazigeuza, akatazama mishono. "Umeshona vizuri," akasema. Nikaanza kujieleza, sijui nilikuwa na matatizo, sijui nini. Akanisubiri nimalize. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Ulizifanyia nini, baba?"

Sijawahi kutukanwa tusi lililoniuma kama lile swali. Nilijaribu kuzikumbuka nimesimama mbele yake. Chipsi. Teksi. Mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua vizuri, nilioahidi mkubwa ili jina langu lisomwe. Nilizozikumbuka hata nusu hazikufika. Laiti ningeweza kumwambia niliuguza mtu!

Nguo zilimfikia Zuhura baada ya wiki mbili. Mama yake hakuacha kunisalimia, ila hakuniletea tena kitambaa, na binti alipoolewa gauni lake lilishonwa na fundi mwingine.

Sasa nisikilize, maana nakuhofia. Hela zako wewe hazinuki samaki. Zinaingia kwa mlio wa ujumbe, na ni rahisi zaidi kudhani zote ni zako. Si zako zote. Humo ndani mna za mwenye nyumba, za umeme, za nauli ya mwezi mzima, na za mama yako aliyekusomesha. Siku ileile zinapoingia, kabla hujamjibu anayekualika popote, zitenge. Kodi ya miezi sita igawe kwa sita, na fungu la kila mwezi liweke mahali ambapo hulifikii kwa kubonyeza mara moja. Weka na kidogo cha maradhi, hata kama ni kidogo mpaka unaona haya. Kinachobaki ndicho chako, kitumie kwa raha, usijinyime mpaka ukaichukia kazi. Na uandike unachotumia, si kwa ajili ya kujionea huruma, ila uweze kumjibu atakayeuliza.

Hiyo mikopo ya kwenye simu, unakopa hapa kulipa pale, iogope. Niliifanya hiyo kwa zipu na bitana, naijua inakoishia. Ikipitishwa kofia ya mchango, toa ulichonacho na jina lisiposomwa usife.

Na ukishaharibu, kwa sababu huenda ukaharibu, sema kweli siku ileile. Hela ya Mama Zuhura niliilipa. Siku ya kwanza ya shule ya binti yake sikuweza kuilipa, na ningeiokoa kwa neno moja.

Nenda, mwanangu, kazi ikupokee vizuri. Mungu akufungulie riziki, aitie baraka hata ikiwa ndogo, na akujalie watu wakukabidhi vyao bila kuogopa. Amina.