Safari za Mama Mahakamani

Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi huwa sicheki. Mama yangu aliendesha kesi dhidi ya shemeji yake, mdogo wa marehemu baba, kwa miaka mingi kuliko niliyokaa shule, na kilichogombewa hakikuwa hata kuku. Kilikuwa ukanda wa ardhi kati ya migomba yetu na migomba yake kule Mhezi mlimani, mwembamba kiasi kwamba ukianika kanga mbili, ya tatu inaning'inia kwa jirani. Babu aliweka mpaka wa masale, ile mimea ambayo kwetu ukiipanda umeshasema hapa mwisho. Mingine ikakauka. Baba mdogo akapanda mipya. Mama akasema ameipanda ndani ya shamba letu. Basi, tukawa na kesi.

Nilikua nikiionea aibu kesi hiyo. Miaka ile madukani hakukuwa na kitu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya mche ilikatwa kwa uzi vipande vidogo tukagawana, unga ulikuwa ule wa njano uliokuwa ukinuka gunia. Katika shida zote hizo mama alikuwa na jozi moja ya kanga isiyoguswa, na ilikuwa ya mahakamani. Tarehe ikikaribia aliitoa sandukuni, akavaa viatu, akateremka mlima kwenda mjini Same. Kesho yake alirudi na uso mkunjufu, akivua viatu mlangoni, akatuambia kwamba kesi imeahirishwa. Hakuwahi kulalamika hata siku moja kwamba imeahirishwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika. Nilimwambia anapoteza muda, akanijibu kuwa muda ni wake.

Nikawa mwalimu wa hesabu. Mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, na walimu wenzangu walipoanza kuondoka mmoja mmoja kwenda Botswana, nami nikaomba, nikapata. Mama aliniuliza kama huko kuna milima. Nikasema nasikia hakuna. Akauliza watu wa huko wanagombania nini. Nikasema sijui, na akasema nikijua nije nimwambie.

Watu wanaosifia kusafiri husifia majengo na barabara. Mimi nilikuta tambarare yenye miiba, ukitazama unadhani hujavuka hata Same. Nilichokipata kilikuwa kwa watu. Nilijifunza kumsalimu mwenye duka na kumuuliza hali kabla ya kutaja chumvi. Nilijifunza kula ugali wa mtama na kuupenda. Nilijifunza kumwacha mtu amalize. Kule nilihudhuria mkutano wa kijiji, nikamwona mchunga ng'ombe mmoja akizungumza mpaka maneno yakamwishia mwenyewe, na mkuu wao amekaa kimya tu anamsikiliza. Kwetu mtu akipumua tu umeshamwingilia. Hayo ninayo mpaka leo, na wanafunzi wangu wengi wamefaidika nayo bila kujua yalikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Nyumbani nilidhani mimi ni mtu tu. Kule ndiko nilikojua kwamba mimi ni Mpare, na aliyenijulisha ni mbuzi.

Mbuzi wa jirani aliingia uani kwangu akala mchicha wote, akamalizia na upindo wa shuka niliyokuwa nimeianika. Jioni nzima nilijipanga. Nilikuwa na hoja ya ua, hoja ya kamba, hoja ya mbuzi yule yule kuonekana uani siku za nyuma. Nilikuwa sijajisikia vizuri namna ile tangu nishuke kwenye ndege. Asubuhi nikaenda. Jirani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka mwisho wa hoja ya kwanza, akaniomba radhi kwa mikono miwili, akaingia ndani akatoka na mfuko wa mtama na shuka mpya. Yakaisha. Akanikaribisha chai.

Nilirudi chumbani na mtama wangu, nikakaa kitandani, nikalia. Nilitendewa wema na nilijiona nimeibiwa. Zile hoja nilizobaki nazo sikuwa na pa kuzipeleka. Nilikuwa nimeishi pale muda mrefu, kila mtu akinikubalia kwa upole na kwenda zake, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayenifahamu kiasi cha kunibishia. Ndipo nilipomkumbuka mama na kanga zake, ila sikulifuatilia wazo hilo mbali.

Niliporudi nyumbani ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa. Mjini Same nilikaribia kupotea. Mitumba ilirundikwa chini kama mahindi ya mavuno, kila kibanda kilikuwa na soda na redio inayopiga kelele, na sabuni zilikuwa za rangi tatu. Kaka yangu alikuwa amefungua duka mjini, na ni nyumbani kwake ambako mama alilala kila alipokuja kwenye kesi. Baba mdogo naye alilala hapo hapo, maana hakuwa na ndugu mwingine Same. Mdai alipewa kitanda cha watoto na mdaiwa akapewa kochi.

Kaka alikuwa amechoka, na si kwa sababu ya kochi. Masika iliyopita mama aliteleza kwenye mteremko akateguka nyonga, akalala wiki kadhaa. Magoti yake yalikuwa yameisha. Kaka alisema siku moja ataanguka moja kwa moja, na tutamzika kwa ajili ya masale. Alitaka nitumie vijisenti vyangu vya Botswana kumlipa baba mdogo fidia ya ule ukanda, aandikishe kuwa ameuacha, kesi ife. Kwa nini mimi? Kwa sababu nimetembea, nitajua kusema. Nilimwona yuko sahihi kabisa. Nikapanda Mhezi ili niteremke nao kwenda kusikiliza hukumu, na nizungumze na baba mdogo njiani.

Tulitoka alfajiri. Nilitegemea kila mmoja atapita njia yake. Baba mdogo alikuwa ameshafika mlangoni kwetu na fimbo mbili, moja yake na moja ya mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kwa nini nimekonda huko kwenye neema. Penye utelezi alitangulia yeye, akasimama akimpa mama mgongo, mama akamshika bega. Waligombana njia nzima. Waligombania mwaka ambao babu alichimba mfereji, kama mke wa mwinjilisti alikuwa mrefu au mfupi, na nani alimwambia nani maneno gani msibani kwa baba. Tulipopumzika, mama alifungua makande yake, baba mdogo akafungua ndizi zake, wakala vyote pamoja. Nilitafuta nafasi ya kuingiza maneno ya fidia. Haikupatikana, nami nikaacha kuitafuta.

Same jioni ile mama hakutaka kukaa ndani. Nilimfuata sokoni. Alimsalimu kwa Kimaasai mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa, wakacheka jambo ambalo sikulielewa. Akapita kwa mzee mmoja wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge, sasa anauza dagaa, akamuulizia wajukuu kwa idadi yao. Mzee akampimia mawese kwenye chupa bila kuulizwa. Hapo nikakumbuka mboga ile ya rangi ya chungwa tuliyoila Mhezi utotoni, ambayo hakuna jirani aliyekuwa akiipika. Nilikuwa nimeila miaka yote bila kujiuliza imepanda mlima kwa miguu ya nani. Baba mdogo alikuwa nyuma yetu amebeba kikapu, akinung'unikia bei.

Haya yote mama aliyapata kwenye tarehe za kesi. Mjane wa kwetu hateremki tu kwenda kutembea mjini. Angeulizwa anafuata nini, na jibu lolote lingemwaibisha. Mwenye kesi haulizwi. Mimi nilipanda ndege kwenda kuonja chakula cha wengine na kusikia lugha yao. Yeye alikuwa na ukanda wa masale na shemeji mkaidi, na alifika alikoweza. Nilimwonea fahari na nilijionea aibu, vyote kwa pamoja, katikati ya soko.

Nilimnunulia raba za mtumba zenye soli ya meno. Alizigeuza, akazikagua, akasema zitafaa kwenye utelezi.

Usiku wakati wa kula kaka alinikonyeza. Nikaendelea kula. Akanikonyeza tena, nikaomba chumvi. Baadaye aliniita nje, na nilimwambia kwamba akitaka kesi hiyo ife aiue mwenyewe. Alisema Botswana imeniharibu. Nilimjibu kuwa huenda, lakini mama sasa ana viatu vya kuteremkia.

Kumbe tulikuwa tunabishana bure. Asubuhi hakimu, kijana mgeni aliyekuja na haraka zake, alisoma hukumu kabla kiti hakijapata joto. Masale ya zamani ndiyo mpaka. Mdai ameshinda.

Watu walimpongeza mama. Aliwaitikia akiwa ameketi pale pale kwenye benchi, akishika ncha ya kanga. Kaka alifurahi hata akatununulia soda. Mama alikunywa nusu. Nikamuuliza kama tupite sokoni kumuaga yule mama wa maziwa, akasema ana nini cha kwenda kumwambia. Tukapanda mlima. Baba mdogo alibeba vikapu vyote viwili, mama akatembea vizuri na raba zake, na njia nzima hakuna aliyebishia chochote. Niliogopa. Nilimtazama mgongoni nikaona mtu ambaye ameambiwa asitoke tena.

Njia yetu huishia kwenye yale masale. Kushoto kwetu, kulia kwake. Baba mdogo alimkabidhi mama kikapu chake, akaaga. Mama hakuondoka.

"Shemeji," alisema, "siku za kukata rufaa si bado zipo?"

Baba mdogo alisema zipo, lakini rufaa husikilizwa Moshi, na Moshi ni mbali, yeye ni mzee, ataipeleka wapi miguu hii.

"Kuna mabasi siku hizi," mama akasema. "Tutapanda pamoja." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Mimi Moshi sijawahi kufika."

Baba mdogo aliyagusa masale kwa fimbo. Akasema kwamba hata hivyo yule hakimu hakuelewa kitu. Mama akamjibu kwamba alielewa vizuri sana, tatizo ni wewe, na wakaanza pale pale, kila mmoja upande wake wa mpaka. Mimi nikaingia jikoni kuwasha moto.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja kuazima kalamu. Nikampa ile niliyorudi nayo kutoka Botswana.